Naogopa leba kuliko ninavyoogopa kufa. Je, naweza kuomba kisu?

ULIZA BI MKUNGA

Shikamoo Bi Mkunga,

Nina miaka 29, naishi Tabata na mume wangu, na ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni. Nina mimba ya wiki 27, ya kwanza. Mtoto anacheza, presha iko sawa, damu ipo ya kutosha. Kila nikienda kliniki nesi anajaza kadi na kusema, "Wewe mama huna tatizo, tutaonana leba." Wenzangu wakiambiwa hivyo wanacheka. Mimi natoka pale miguu haina nguvu.

Naogopa kuzaa, Bi Mkunga. Nikisema hivi kila mtu ananijibu kwamba hata yeye aliogopa na sasa ana watoto watatu. Sidhani tunaongelea kitu kimoja. Tangu mimba ifike mwezi wa nne naamka saa nane usiku nimelowa jasho, nakaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye kicheni pati ya binamu yangu huko Segerea wamama walianza kusimuliana, nani alichanika mpaka nyuma, nani alishonwa bila ganzi, nikatoka kwenda kutapika nyuma ya turubai. Watu wakasema ni mimba. Haikuwa mimba.

Kuna jambo mume wangu halijui. Tumeoana miaka mitano, na minne kati ya hiyo nilikuwa na kijiti mkononi. Mama mkwe alinipeleka kwenye maombi mara mbili na kwa mzee wa miti shamba mara moja, nami nikanywa dawa zote za yule mzee kijiti kikiwa palepale. Nilikitoa mwaka jana kwa sababu mume wangu alianza kula kimya kimya. Na watoto nawapenda, tulishakubaliana tungependa wanne. Ningepata njia ya kuwa nao bila kupita leba, ningeshukuru.

Najua ilikoanzia. Nilikuwa na miaka 12, likizo, kwa bibi yangu Korogwe. Mama mdogo alishikwa na uchungu usiku wa mvua, maji yamefunika daraja, gari hakuna. Akaitwa mzee mmoja jirani anayezalisha. Umeme haukuwepo, nikapewa koroboi nishike. Nikaambiwa nisigeuke wala nisitikisike, mwanga utacheza. Niliishika tangu saa tatu usiku mpaka majogoo. Niliona kila kitu. Mama mdogo alikuwa akimwita mama yake, na mama yake yupo palepale amemshika. Halafu damu ikaja, sijui niseme vipi, ikafika kwenye vidole vyangu vya miguu. Asubuhi nikapewa beseni la bluu nikamwage nyuma ya migomba, nikaambiwa mambo ya wakubwa hayasimuliwi. Sijayasimulia mpaka naandika hapa. Hadi leo sinunui beseni la bluu.

Sasa shoga yangu wa kazini amezaa wawili kwa kisu. Anasema ni dakika arobaini tu, unaingia mmoja unatoka wawili. Anamjua daktari ambaye ukimpa chochote anaandika kwamba nyonga ni nyembamba, na bima haiulizi. Bima yangu mwenyewe sijui kama ingelipa bila hivyo. Nilienda kuulizia hospitali moja binafsi, wakaniambia kisu cha kupanga ni Sh 2,800,000. Akiba yetu ni milioni moja na nusu.

Mume wangu ni mwalimu, mtu mpole, ila juu ya hili amekaza. Anasema mama yake kazaa saba, mmoja shambani, akarudi na mzigo wa kuni kichwani. Mama mkwe naye anasema wa kisu hawajazaa, wametolewa. Mama mdogo anakuja mimba ikifika wiki 36, akae nami mpaka arobaini iishe, na hata yeye sijui nitamwambia nini.

Kliniki yangu ijayo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Je, naruhusiwa kuomba kisu wakati siumwi? Nifuate ushauri wa shoga yangu? Na hivi mimi ni mwoga tu au nina tatizo?

Mama Kijacho, Tabata

BI MKUNGA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera na pole, zote kwa pamoja.

Swali la kwanza lina jibu fupi: ndiyo, mwanamke anaweza kuomba kujifungua kwa upasuaji kwa sababu ya hofu, na daktari anayejua kazi yake atakaa akusikilize kabla hajasema ndiyo au hapana. Uingereza waliliandika jambo hili mwaka 2011 katika mwongozo wa NICE, chombo kinachowaelekeza madaktari wao: anayeomba kisu kwa hofu apewe nafasi ya kuonana na mtaalamu wa afya ya akili anayefahamu mambo ya uzazi, na kama baada ya mazungumzo na msaada huo bado anataka, apangiwe upasuaji. Hapa Dar itategemea umebisha mlango gani. Katika hospitali ya umma chumba cha upasuaji kina foleni ya dharura, huyu ana kifafa cha mimba, yule mtoto amelala kiubavu, kwa hiyo ukiambiwa huna sababu ya kitabibu usione umetukanwa. Binafsi watakukubalia haraka, pengine haraka mno, bila kukuuliza hata swali moja. Hiyo nayo siipendi.

Kisu chenyewe si kitu kigeni mjini. Kati ya mwaka 2000 na 2011, waliojifungua kwa upasuaji Hospitali ya Taifa Muhimbili walipanda kutoka 19 hadi 49 kwa kila wanawake 100. Muhimbili ni ya rufaa, inapokea walioshindikana kwingine, lakini watafiti walikuta kimepanda hata kwa wanawake wasio na hatari kubwa. Kwa hesabu ya mama mkwe wako, karibu nusu ya wazazi wa pale "hawajazaa". Watoto wao wapo shuleni, wengine labda wanafundishwa na mumeo.

Kuhusu uwoga. Hofu ya namna yako ina jina, tokofobia, kutoka neno la Kigiriki tokos, yaani kuzaa. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 2000 na madaktari wawili katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili, ila jambo lenyewe ni la zamani: daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé aliandika mwaka 1858 juu ya wajawazito wa mimba ya kwanza wanaotawaliwa na maumivu wasiyowahi kuyajua. Wale wawili walitenganisha hofu ya mwanamke aliyezaa akaumizwa na hofu ya ambaye hajazaa kabisa, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Walieleza pia wanawake wanaotaka watoto lakini wanakwepa mimba miaka nenda rudi. Sasa rudi kwenye barua yako, pale kwenye kijiti.

(Hilo la kijiti na mumeo lina siku yake, leo siligusi. Dawa za yule mzee, pole.)

Kwa hiyo si uwoga wa mtoto kuogopa giza. Mtu asiyelala miezi mitatu na anayetapika kwa maneno anahitaji kusaidiwa kama anayehitaji dawa za presha. Na usingizi wa namna hiyo wakati mwingine huja na sonona, ambayo nayo hutibika hata mtu akiwa mjamzito. Nakuomba neno "akili" lisikukimbize.

Nije kwa shoga yako. Hapa sitazunguka: usifanye. Hela ya chai ni ubaya mmoja, na kuidanganya bima ni mwingine, maana likigundulika jina lililoandikwa ni lako, la shoga halipo. Ila kinachoniuma zaidi ni ile kadi. "Nyonga nyembamba" ikishaandikwa itakufuata. Mimba ya pili, kituo kingine, daktari mwingine, atasoma maneno hayo na kukuambia hujawahi kuwa na njia ya kupitisha mtoto. Utamwambia nini, kwamba ulinunua? Tena nyonga hujulikana hasa uchungu ukishaanza na mtoto akakataa kushuka. Anayeiandika kwa wiki 27 akiwa mezani kwake anakuandikia riwaya. Halafu hofu yenyewe itabaki haijaandikwa popote. Utaingia chumba cha upasuaji na watu wanaodhani tatizo lako ni mfupa.

Maana hata kule kuna cha kuogopa, na nisipokuambia mimi utakutana nacho peke yako. Utakaa umekunja mgongo, uchomwe sindano ya ganzi kiunoni. Baada ya dakika chache miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Utakuwa macho. Wembe hutausikia, ila utasikia kuvutwavutwa, kama mtu anatafuta kitu chini kabisa ya begi. Mtoto hutoka mapema, mara nyingi ndani ya dakika kumi za mwanzo; kushona ndiko kunakochukua muda. Damu ipo, ila kuna shuka mbele ya uso wako. Kwa mtu aliyeshika koroboi lile shuka si jambo dogo, nalielewa. Mpira wa mkojo utawekwa. Na utakapoambiwa usimame kwa mara ya kwanza, siku hiyo hiyo au asubuhi yake, ndipo utajua shoga yako aliruka ukurasa. Kukohoa kunauma, kucheka kunauma zaidi. Kupona vizuri ni kama wiki sita.

Hatari zake ni kidonda kuoza, damu kutoka nyingi, damu kuganda kwenye miguu, na mara chache kibofu kujeruhiwa. Mtoto akitolewa kabla ya wiki 39 huweza kutoka anahangaika kupumua, ndiyo maana cha kupanga husubiri mpaka hapo. Hakikisha tarehe zako zimehesabiwa vizuri. Kama ulipiga ultrasaundi mapema ichukue karatasi yake uende nayo.

Nilisita kuweka hesabu inayofuata mbele ya mtu asiyelala, lakini umeniuliza kama mtu mzima. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa hospitali katika nchi 22 za Afrika. Wanawake 3,684 walijifungua kwa upasuaji, 20 wakafariki, mara hamsini ya inavyokuwa kwenye nchi tajiri. Soma na nusu ya pili: wengi wao walipelekwa kwa dharura, wengine wakiwa tayari na matatizo au wameanza kutoka damu. Wewe ni mzima na ungeenda kwa miadi, hesabu yako haifanani na yao. Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba kisu hutegemea sana nani yuko chumbani na kuna nini kwenye friji la damu.

Kisha lipo swali ambalo nadhani hujaulizwa kliniki. Umesema mngependa wanne. Kila kisu huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza kujishika kwenye kovu hilo na kugoma kubanduka, jambo ambalo humwaga damu nyingi na wakati mwingine humfanya daktari autoe mfuko wenyewe. Kwa kisu kimoja ni nadra. Hupanda kadiri visu vinavyoongezeka. Ungeniambia mtoto mmoja, au wawili, nisingekaa hapa muda mrefu. Kwa wanne, nakuomba ukae na mumeo mlihesabu hili kabla ya hesabu ya fedha. Tena baada ya kisu, mimba ya pili usizalie mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Hata ukitaka kujaribu njia ya kawaida, na wengi wanaojaribu hufanikiwa, iwe hospitali kubwa, kwa sababu kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Na mpumzike: Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 tangu mtoto azaliwe kabla ya kushika mimba nyingine.

Sasa leba. Nimezalisha wodi za mjini hapa miaka 31, sitakuambia ni pazuri. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali moja kubwa ya umma hapa hapa Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2016, uliwauliza wanawake kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walioulizwa wakiwa bado hospitalini, 15 kati ya 100 walisema ndiyo. Walioulizwa nyumbani baada ya wiki nne hadi sita, 70 kati ya 100. Mimi sikuhitaji utafiti kulijua hilo. Niliwahi kumwambia binti mmoja yale maneno mnayoyajua nyote, kwamba alipokuwa akiitafuta hiyo mimba mbona hakulia. Hakunijibu, aligeukia ukuta. Ningeweza kujitetea kwamba usiku ule nilikuwa peke yangu na wenye uchungu tisa, na ni kweli, lakini yeye alikuwa na leba yake moja tu. Kwa hiyo wanaokucheka unapoogopa wodi, waambie Bi Mkunga hacheki.

Lakini kitu unachokiona ukifumba macho si wodi. Ni chumba cha Korogwe. Na kile chumba kilikosa vitu ambavyo naweza kuvitaja kimoja kimoja. Siku hizi ukizalia kituoni, mtoto akishatoka tu mama huchomwa sindano ya oksitosini, hata dakika haiishi. Kazi yake ni kuufanya mfuko wa uzazi ujibane ili damu isiendelee. Yule mzee hakuwa nayo. Hakuwa na dripu, hakuwa na damu ya kuongeza, hakuwa na gari. Ulichokiona usiku ule hakikuwa kuzaa kama kunavyokuwa kila mahali. Kilikuwa kuzaa kukiharibika mahali pasipo na kitu. Nchi nayo imesogea. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulikuta 104. Sitegemei tarakimu ikulaze usingizi. Nataka tu ujue kwamba koroboi haimo tena kwenye hesabu yako.

Kingine kinachobadilisha leba ni mtu wa kukaa nawe. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 na kukuta kwamba anayekaa na mtu wake tangu mwanzo mpaka mwisho hupata uchungu mfupi kidogo, hupasuliwa mara chache zaidi, na baadaye huikumbuka siku ile kwa ubaya mdogo. Vituo vingine Dar humruhusu ndugu wa kike, vingine husema vitanda vimebanana. Uliza mapema, usiulizie mlangoni njia ikiwa sentimita sita. Sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu wakati wa kuzaa kawaida ipo pia, ila ni hospitali chache zinazoitoa, na bei yake huwa ya juu.

Ungekuwa binti yangu ningefanya hivi. Alhamisi usisubiri nesi akuambie huna tatizo. Andika kwenye karatasi, maana hapo mdomo utakauka: "Naogopa kuzaa kiasi kwamba silali. Ilianza nikiwa na miaka 12. Naomba kuonana na daktari bingwa wa uzazi na mtaalamu wa afya ya akili." Mpe asome. Akicheka, omba kumwona mkuu wa kliniki. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa zinaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Daktari bingwa mwombe mambo mawili kwa pamoja, tarehe ya kisu baada ya wiki 39 ikiwa atakubali, na nafasi ya kuzungumza na mtu kila wiki kuanzia sasa. Una wiki 12, zinatosha kufanya kazi ya maana. Nimewaona wanawake ambao walipojua tu kwamba mlango wa pili uko wazi walipata usingizi, na wiki ya 38 wakasema, acha nijaribu. Nimewaona pia waliokwenda kwenye kisu chao siku ile ile iliyoandikwa, wakatoka wametulia. Sina upande kati yao. Upande nilionao ni dhidi ya kukimbilia kisu wiki hii kwa sababu hakuna aliyekusikiliza.

Ukienda kuulizia hospitali, bei iwe swali la mwisho. Uliza mtaalamu wa ganzi yupo usiku au huitwa kutoka nyumbani. Uliza damu, na uwaandae ndugu wawili watatu wa kuchangia. Uliza mtoto akipata shida anahudumiwa hapo hapo au anakimbizwa kwingine. Uliza uchungu ukikuanza kabla ya tarehe watafanyaje, kwa sababu huwa hausomi kalenda, na kutoka Tabata jioni ya Ijumaa unajua mwenyewe Barabara ya Mandela inavyokuwa. Hiyo 2,800,000 inajumuisha siku ngapi za kitanda, na siku ikiongezeka ni kiasi gani? Bima nayo usibahatishe, nenda na kadi yako wakuambie kwa maandishi kama kisu cha kuomba mwenyewe wanakilipia. Pengo la milioni moja na laki tatu usilizibe kwa kausha damu. Bora ukae na akiba yako umwambie daktari wa hospitali ya umma ukweli huu huu.

Mwalimu, kipande hiki mkeo atakusomea mwenyewe. Mama yako hongera zake. Ila wanaosimulia kuzaa shambani ni wale waliorudi na kuni. Wasiorudi hawakupata nafasi ya kusimulia. Nenda naye Alhamisi. Usiende kubishana na daktari, nenda umshikie mkoba. Na sahihi kwenye fomu ya upasuaji, ikifika huko, iwe ya mkeo.

Nimebakiza mama mdogo.

Mwanangu, umeandika juu ya koroboi, mvua, daraja, beseni na rangi yake. Hukuandika kama alipona. Nilirudia barua yako mara tatu nikilitafuta hilo, kisha nikalikuta chini kabisa, limekaa kama jambo la ratiba: anakuja wiki ya 36, atakaa mpaka arobaini. Yaani yule mwanamke yupo. Anapanda basi Korogwe, anashuka Dar, atakupikia mtori na kutaka kukukanda kwa maji ya moto. (Ukipasuliwa, mwambie mapema kidonda hakikandwi.) Na yule aliyezaliwa usiku ule, kama yupo, ana miaka kama 17 sasa. Wewe bado umesimama palepale na taa mkononi kwa sababu walikuambia usitikisike, na hakuna aliyerudi kukuambia uiweke chini.

Mpigie. Sisemi umwombe ruhusa ya kisu. Muulize ule usiku ulikwishaje. Damu ilikatikaje, alikaa siku ngapi hajanyanyuka, aliogopa kuzaa tena? Huenda na yeye hajawahi kuulizwa. Mpigie jioni hii, angali kwake Korogwe, maana akishafika sebuleni kwako mama mkwe anasikiliza, atakuambia tu kwamba Mungu ni mwema na kuuliza chumvi iko wapi.